Taa za Angani na Taa ya Neno

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Fal. 3:20–24, Ayu. 38:4–7, Ebr. 1:14, Yos. 22:10–34, Kut. 20:16; Kum. 13:1–4, 14, Gal. 1:8, Mt. 24:23–27, Ufu. 1:7.

Fungu la Kukariri: 1 Wathesalonike 5:21. Lisome katika Biblia yako pamoja na fungu la 20 na la 22, kisha likariri. Paulo anawataka waumini wasiudharau unabii, wapime kila jambo, na walishike lililo jema.

Mwezi Machi mwaka 1997, nyota yenye mkia iitwayo Hale-Bopp ilikuwa ikionekana angani bila darubini. Mamilioni ya watu walitoka nje usiku kuitazama, na wengi wakamtukuza Muumbaji. Lakini huko Rancho Santa Fe, karibu na mji wa San Diego nchini Marekani, watu 39 walikutwa wamekufa ndani ya nyumba moja. Walikuwa wafuasi wa kundi lililoitwa Heaven's Gate, na walikuwa wamejiua pamoja na kiongozi wao, Marshall Applewhite. Aliwafundisha kwamba nyuma ya nyota ile kulikuwa na chombo cha anga, na kwamba wakiiacha miili yao wangechukuliwa na chombo hicho.

Habari za chombo hicho zilikuwa zimeenea miezi michache kabla, baada ya mtu mmoja kupiga picha iliyoonyesha kitu kinachong'aa kando ya nyota yenye mkia. Wataalamu wa elimu ya nyota waliichunguza picha hiyo wakaeleza kwamba kitu kile kilikuwa nyota ya kawaida iliyo mbali sana nyuma. Je, kundi lile lilibadili mawazo? Hapana. Waliandika wazi kwamba chombo kiwepo au kisiwepo, kwao hakukuwa na tofauti.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mtu anapofika mahali ambapo ukweli hauwezi tena kumrudisha, yuko mikononi mwa yeyote anayemwongoza.

Juma hili tutajifunza jinsi Mkristo anavyopaswa kupokea habari za vitu visivyotambulika angani na za viumbe wanaosemekana kuitembelea dunia kutoka sayari nyingine. Tutaona kwamba Biblia haituruhusu kuamini kila habari, wala haituruhusu kulipa jambo jina kabla ya kulichunguza.

*Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*


JUMAPILI

Maji Mekundu ya Moabu

Soma 2 Wafalme 3:20–24. Wamoabi waliona nini kwa macho yao? Walihitimisha nini kutokana na walichokiona?

Mfalme wa Israeli, mfalme wa Yuda na mfalme wa Edomu walikuwa wamekwenda kupigana na Moabu, wakaishiwa maji jangwani. Kwa neno la Bwana kupitia Elisha, mahandaki yalichimbwa bondeni, na asubuhi yakajaa maji. Jua lilipochomoza, Wamoabi waliokuwa mpakani waliyaona maji yale yakiwa mekundu. Hawakutegemea kuona maji pale, wala mvua haikuwa imenyesha. Wakasema ni damu: wafalme wale wamepigana wao kwa wao, twendeni tukateke nyara. Wakakimbia kuelekea kambi ya Israeli bila kujipanga kwa vita, wakapigwa vibaya.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Macho ya Wamoabi hayakudanganya. Maji yalionekana mekundu kweli, kwa sababu mwanga wa jua la asubuhi uliyaangukia. Kosa lao halikuwa katika kuona, bali katika tafsiri. Walikuwa na tumaini mioyoni mwao kwamba adui zao wamegombana, nalo tumaini hilo likawapa jina la kile walichokiona.

Jambo kama hilo lilitokea karne iliyopita. Tarehe 24 Juni 1947, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa pia rubani, Kenneth Arnold, alikuwa akiruka na ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier, kaskazini magharibi mwa Marekani. Akaona vitu tisa vinavyong'aa vikienda kwa kasi. Alipowaeleza waandishi wa habari, alifananisha mwendo wa vitu vile na sahani inayorushwa juu ya maji ikawa inadundadunda. Yeye alieleza mwendo, lakini magazeti yakageuza maneno hayo kuwa umbo, yakaandika habari za sahani zinazoruka. Katika majuma yaliyofuata, mamia ya watu walitoa taarifa kwamba nao wameona sahani angani.

Jina lilikwisha kuwa tayari, na watu wakaliona lile walilokwisha kuambiwa walitazamie. Hatusemi kwamba watu hao walikuwa waongo. Wengi waliona kitu fulani. Lakini kati ya kuona mwanga na kusema mwanga huo ni nini, kuna hatua, na hatua hiyo mara nyingi tunairuka bila kujua kwamba tumeiruka.

Mithali 18:13 inamkemea mtu anayejibu kabla hajasikia. Ushauri huo unamhusu pia anayetafsiri kabla hajatazama vizuri.

Ni lini umewahi kuona jambo kwa usahihi lakini ukalitafsiri vibaya? Ni nini kilichokuwa moyoni mwako wakati ule kilichochangia kosa hilo?


JUMATATU

Mbingu Zina Wakazi

Soma Ayubu 1:6, Ayubu 38:4–7, 1 Wakorintho 4:9 na Waebrania 11:3. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu uumbaji wa Mungu nje ya dunia yetu?

Wakristo wengine wakisikia habari za viumbe kutoka sayari nyingine hujibu kwamba haiwezekani, kwa maana Mungu aliumba uhai hapa duniani tu. Sisi Waadventista hatuna sababu ya kusema hivyo. Kabla dunia haijawekewa misingi yake, walikuwapo wana wa Mungu walioshangilia. Paulo anasema kwamba mitume wamekuwa tamasha kwa malaika na kwa wanadamu. Ellen White naye alionyeshwa katika njozi walimwengu wengine ambao wakazi wake hawakumwasi Mungu. Pambano kuu kati ya Kristo na Shetani lina watazamaji wengi kuliko tunavyowaza.

Basi swali letu si kama Mungu ana viumbe wengine wenye akili. Anao. Swali letu ni hili: je, taa zinazoonekana angani, na watu wanaodai kuzungumza na wageni kutoka sayari za mbali, ni ushahidi kwamba viumbe hao wanatutembelea?

Kwanza, tukumbuke ukubwa wa ulimwengu. Ukiliacha jua letu, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote iko umbali wa zaidi ya miaka 4 ya mwendo wa nuru. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda karibu kilometa 17 kwa kila sekunde. Kwa kasi hiyo kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kusafiri umbali unaolingana na ule wa kuifikia nyota hiyo. Umbali haumzuii Mungu wala wale anaowatuma. Lakini unatuonya tusidhani kwamba safari kati ya nyota na nyota ni jambo jepesi linaloweza kutajwa kila tunapoona taa tusiyoijua.

Pili, soma Waebrania 1:14 na Ufunuo 22:8, 9. Katika Maandiko, wajumbe wanaotumwa na Mungu kuja duniani ni malaika, nao wanakuja kuwahudumia watakaourithi wokovu. Malaika aliyezungumza na Danieli alimletea ujumbe uliohusu watu wa Mungu. Gabrieli alikuja kwa Mariamu na habari za Mwokozi. Yohana alipotaka kumsujudia malaika, alikatazwa mara moja na kuelekezwa amsujudie Mungu. Mjumbe wa kweli hajitafutii wafuasi. Haji kushibisha udadisi wetu kisha akatoweka na kuacha watu wanabishana juu ya umbo la chombo chake.

Dunia hii ilimwona Mgeni kutoka mbinguni aliye mkuu kuliko wote. Hakuja kwa sahani inayong'aa. Alizaliwa na kulazwa katika hori la kulia ng'ombe, akaishi kati yetu mchana kweupe, akafa mbele ya umati, na akafufuka mbele za mashahidi.

Kujua kwamba walimwengu wengine wanalitazama pambano kati ya Kristo na Shetani kunabadilije namna unavyoishi leo?


JUMANNE

Kuuliza Kabla ya Kuamua

Soma Yoshua 22:10–34. Ni habari gani iliyowafikia wana wa Israeli? Walitaka kufanya nini? Ni hatua gani iliyozuia umwagaji wa damu?

Makabila ya ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa. Habari zikawafikia ndugu zao, nao wakakusanyika Shilo tayari kwa vita, wakidhani kwamba ndugu zao wamemwacha Bwana. Madhabahu ilikuwepo kweli. Lakini kabla ya kupigana, walimtuma Finehasi pamoja na wakuu kumi wakaulize. Walipouliza, waligundua kwamba madhabahu ile haikuwa ya kutolea dhabihu, bali ya ushuhuda kwamba makabila yote yanamwabudu Mungu mmoja. Safari moja ya kuuliza iliokoa maelfu.

Sheria ya Musa ilikuwa imekwisha kuwafundisha utaratibu huu. Kumbukumbu la Torati 13:14 inaagiza kwamba habari ya uasi ikisikika, ichunguzwe kwa bidii mpaka ijulikane kama ni kweli. Wivu kwa ajili ya Mungu hauondoi wajibu wa kuchunguza.

Je, uchunguzi umeonyesha nini kuhusu vitu visivyotambulika angani? Jeshi la anga la Marekani lilikusanya taarifa za namna hiyo kuanzia mwaka 1947 hadi 1969. Jumla zilikuwa 12,618. Taarifa nyingi zilipata maelezo: sayari ya Zuhura iking'aa jioni au alfajiri, vimondo, maputo ya kupimia hali ya hewa, ndege na setilaiti. Taarifa 701 zilibaki bila kutambulika. Mwezi Machi 2024, Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilitoa ripoti iliyopitia chunguzi za serikali tangu mwaka 1945, nayo haikupata ushahidi wowote wa teknolojia iliyotoka kwa viumbe wa nje ya dunia.

Wengine hushikilia zile taarifa 701 wakisema hizo ndizo ushahidi. Lakini neno "haikutambulika" maana yake ni kwamba haijulikani. Pengine aliyeona hakukumbuka saa wala upande wa anga, au picha ilikuwa hafifu. Kusema "sijui ni nini, kwa hiyo ni chombo kutoka sayari nyingine" ni kuyageuza kutojua kwetu kuwa ushahidi. Na kusema "sijui ni nini, kwa hiyo ni pepo" ni kufanya kosa lile lile kwa jina lingine.

Afrika Mashariki pia tumeona mambo ya kututia mshangao. Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma yenye kipenyo cha kama meta 2.5 na uzito wa kama kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Wanakijiji walifanya jambo la busara: walitoa taarifa. Shirika la Anga la Kenya likafika, likaichunguza, na likaeleza kwamba ni kipande kilichotokana na roketi. Vilevile, tangu mwaka 2019, watu wengi wameona msururu wa taa angani zimepangana kama shanga katika uzi mmoja, zikipita kimya. Hizo ni setilaiti za Starlink, ambazo huonekana hivyo katika siku za mwanzo baada ya kurushwa.

Mtu asiyejua habari za setilaiti akiona msururu ule huweza kushikwa na hofu. Hana kosa kwa kuogopa. Lakini anayesimama mbele ya kanisa na kutangaza kwamba ni dalili fulani, bila kuuliza, amekwenda vitani kabla ya kumtuma Finehasi.

Unapopokea video ya ajabu katika simu yako, unafanya nini kabla ya kuituma kwa wengine? Kisa cha Yoshua 22 kinakushauri ufanye nini?


JUMATANO

Shahidi Mkweli Anaweza Kukosea

Soma Kutoka 20:16. Kumbukumbu la Torati 19:15–18 na Mathayo 14:25–27. Mafungu haya yanasema nini kuhusu uzito wa ushuhuda na udhaifu wake?

Wanafunzi waliokuwa chomboni usiku walimwona Yesu akitembea juu ya maji, wakapiga kelele kwa hofu wakidhani ni kivuli. Walikuwa watu wazima, wavuvi waliolizoea ziwa lile, na walikuwa wengi. Wote walikosea. Hawakusema uongo, waliogopa. Uaminifu wa shahidi ni jambo moja, na usahihi wa maelezo yake ni jambo lingine.

Tukumbuke hilo tunapofikiria kisa kigumu kilichotokea hapa barani kwetu. Tarehe 16 Septemba 1994, katika Shule ya Ariel huko Ruwa, karibu na Harare nchini Zimbabwe, watoto wapatao 62 walisema kwamba wakati wa mapumziko waliona kitu kinachong'aa kikishuka nje ya uwanja wa shule, na kwamba baadhi yao waliona kiumbe kimoja au zaidi chenye macho makubwa. Walimu walikuwa katika mkutano. Miaka mingi baadaye, baadhi ya watoto hao, ambao sasa ni watu wazima, bado wanasimama katika maelezo yao.

Tuseme nini? Wapo wanaosema watoto walidanganya. Hatuna ushahidi wa kuwashtaki hivyo, na amri ya tisa inatuzuia. Wapo wanaosema ni hakika kwamba wageni walitua. Lakini usiku wa tarehe 14 Septemba, siku mbili tu kabla, mabaki ya roketi ya Urusi yalikuwa yamepita yakiwaka juu ya anga ya kusini mwa Afrika, na habari za taa za ajabu zilikuwa midomoni mwa watu. Watoto walihojiwa katika vikundi, mmoja akisikia maneno ya mwenzake. Miezi miwili baadaye alifika Profesa John Mack wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye tayari alikuwa amechapisha kitabu kuhusu watu wanaodai kuchukuliwa na viumbe wa anga, naye akawahoji tena.

Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba anayetangulia kusema huonekana kuwa na haki mpaka jirani yake aje kumhoji. Sheria ya Musa ilitaka mashahidi wawili au watatu, na waamuzi wachunguze sana. Shahidi mia waliosikilizana kabla ya kuulizwa wanaweza kuwa na uzito wa shahidi mmoja tu. Tunaweza kuwaheshimu watoto wa Ruwa, tukakiri kwamba walipatwa na jambo lililowagusa sana, na bado tukasema kwa unyenyekevu kwamba hatuna msingi wa kutosha wa kujua lilikuwa nini.

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani mtu akiamini tu? Ubaya ni kwamba tabia ya kuhukumu bila kuchunguza haiishii angani. Nchini Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, akina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mara nyingi "ushahidi" umekuwa macho mekundu. Macho hayo yaliwekwa wekundu na moshi wa kuni, kwa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Wamoabi waliona wekundu wakasema damu. Majirani waliona wekundu wakasema uchawi. Amri ya tisa ilitolewa ili kuyalinda maisha ya watu kama bibi zetu hawa.

Soma Yohana 3:12. Yesu anamwonyesha Nikodemo kwamba mambo ya duniani na ya mbinguni yanashikamana katika suala la kuaminiwa. Kanisa likieneza habari za uongo kuhusu taa za angani, ni nani atakayeliamini linaposema kwamba kaburi la Yesu li wazi?

Kuna mtu ambaye umewahi kueneza habari zake bila kuwa na hakika? Unaweza kufanya nini juma hili ili kurekebisha jambo hilo?


ALHAMISI

Hata Ishara Ikitimia

Soma Kumbukumbu la Torati 13:1–4. Wagalatia 1:8 na Isaya 8:19, 20. Ikiwa ishara imetokea kweli, je, hilo linatosha kuthibitisha ujumbe wa aliyeitoa?

Mpaka hapa tumesema juu ya kuchunguza. Lakini uchunguzi hauwezi kujibu kila swali, na Biblia inakiri wazi kwamba kuna nguvu za uovu zinazofanya ishara (2 The. 2:9, 10, Ufu. 16:14). Shetani anaweza kujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru (2 Kor. 11:14). Basi Mkristo afanye nini akikutana na jambo lisilo na maelezo?

Musa anatoa jibu la kushangaza. Hata ishara ikitimia, bado swali linabaki: ujumbe wake unatupeleka kwa nani? Paulo anakwenda mbali zaidi. Hata malaika kutoka mbinguni hana mamlaka ya kuibadili injili. Kwa hiyo usalama wetu hautegemei uwezo wetu wa kueleza kila taa. Mkulima asiyejua lolote kuhusu roketi yuko salama kama profesa, mradi analijua Neno na kulitii.

Sasa pima ujumbe ambao baadhi ya watu wamedai kuupokea kutoka kwa wageni wa anga. Mfaransa Claude Vorilhon, anayejiita Raël, alidai kwamba alikutana na mgeni kama huyo mwaka 1973. Anafundisha kwamba wanadamu walitengenezwa na wanasayansi kutoka sayari nyingine, na kwamba hakuna Mungu. Applewhite alifundisha kwamba mwili ni chombo tu cha kuachwa, na kwamba kufa kwa mkono wako mwenyewe kunaweza kuwa mlango wa uzima. Linganisha mafundisho hayo na Mwanzo 1:1. Mwanzo 3:4, 5 na 1 Wakorintho 6:19, 20. Uongo wa Edeni umevaa nguo mpya: hamtakufa, nanyi mtakuwa kama Mungu. Hatuhitaji darubini ili kuutambua.

Soma Mathayo 24:23–27. Matendo 1:11 na Ufunuo 1:7. Kristo atakuja kwa namna gani, na hilo linatulinda vipi?

Bwana wetu alijua kwamba watu wangeambiwa yuko jangwani, au yuko chumbani. Alituambia tusisadiki. Kuja kwake kutakuwa kama umeme unaoonekana toka mashariki hata magharibi, na kila jicho litamwona. Hatajificha nyuma ya nyota yenye mkia. Hatawachukua wachache wenye siri huku jirani zao wamelala bila kujua. Hatamwambia mtu yeyote auharibu mwili wake ili apate kupanda. Yeye mwenyewe atawafufua waliolala, na kuwabadilisha walio hai.

Watu 39 wa Rancho Santa Fe walikuwa na kiu ambayo sisi pia tunayo: walitaka kwenda nyumbani kuliko bora kuliko hapa. Kiu hiyo haikuwa dhambi. Walihitaji mtu wa kuwaeleza kwamba Yeye anayekuja kutuchukua tayari ametufia, na kwamba anatuagiza tungoje.

Je, tumaini lako la kuja kwa Yesu limejengwa juu ya msisimko wa habari mpya, au juu ya ahadi zake? Unawezaje kutambua tofauti?


IJUMAA

Jifunze Zaidi: Katika kitabu cha Ellen G. White, *Pambano Kuu*, soma sura zinazohusu kazi ya roho waovu, imani ya kuzungumza na wafu, na Maandiko kama kinga. Mwandishi anaeleza kwamba katika siku za mwisho uongo utafanana sana na ukweli, kiasi kwamba hakutakuwa na njia ya kuutambua isipokuwa kwa Maandiko Matakatifu. Angalia kwamba hawahimizi waumini kukaa wakichungulia miujiza ya Shetani. Anawahimiza waijue Biblia.

Juma hili tumeona makosa mawili yanayofanana kuliko tunavyodhani. La kwanza ni la anayeona taa na kusema mara moja kwamba ni wageni kutoka sayari nyingine. La pili ni la anayeona taa ile ile na kusema mara moja kwamba ni mapepo. Wote wawili wameruka hatua ya kuuliza. Mkristo ana uhuru wa kusema maneno haya mawili bila aibu: "Sijui bado." Anaweza kuyasema kwa amani, kwa sababu jambo analolihitaji kwa wokovu wake halimo katika yale asiyoyajua. Soma 2 Petro 1:16–19, ambapo Petro, aliyeuona utukufu wa Kristo kwa macho yake mlimani, anawaelekeza wasomaji wake kwenye neno la unabii kama taa mahali penye giza.

Maswali ya Kujadili:

1. Kijana wa kanisa lako anakuonyesha video ya kitu kinachong'aa angani na kukuuliza ni nini. Utamjibuje ili asione unamdharau, na wakati huo huo umfundishe kupima mambo?

2. Kwa nini ni hatari kwa mhubiri kutumia habari isiyohakikishwa, hata kama lengo lake ni kuwaonya watu kuhusu Shetani? Je, lengo jema linaweza kuuhalalisha ushuhuda usio wa kweli?

3. Tunaamini kwamba kuna walimwengu wengine ambao hawakuanguka dhambini. Jadilini namna ya kulieleza fundisho hili kwa jirani anayeamini habari za wageni wa anga. Ni wapi mnakubaliana naye, na ni wapi mnatofautiana?

4. Wafuasi wa Heaven's Gate walisema chombo kiwepo au kisiwepo, ni mamoja kwao. Je, kuna mambo katika maisha yetu ya kanisa ambayo tunayaamini kwa namna hiyo, tukiwa hatuko tayari kusahihishwa? Paulo anaonyesha mtazamo gani tofauti katika 1 Wakorintho 15:14–19?

5. Darasa lenu linaweza kufanya nini ili kuwalinda wazee na wengine wanaoshtakiwa bila ushahidi katika jamii yenu? Chagueni hatua moja mtakayoanza nayo juma lijalo.